Mara Mbili kwa Mwaka: Floraidi na Meno ya Watoto wa Karagwe na Kyerwa

Jino likimuuma mtoto wa Kaisho au wa Nyaishozi, njia zilizo mbele ya mzazi wake zinahesabika. Ataanza na panadol ya duka la dawa, atajaribu karafuu au majani aliyoelekezwa na jirani, na maumivu yakishindikana atapanda bodaboda kwenda kwenye kituo chenye mtu anayejua kung'oa. Huko jino litang'olewa na habari itaishia hapo. Kuziba ni huduma ya mjini, na kulikinga lisitoboke ni jambo lisilokuwamo katika hesabu za familia, wala mara nyingi katika hesabu za wanaopanga huduma. Ndivyo huduma ya meno ilivyo katika sehemu kubwa ya vijiji vya Tanzania: inaanza maumivu yanapoanza na inakoma yanapokoma. Hoja yangu ni kwamba Karagwe na Kyerwa zinaweza kutoka hapo kwa kutumia floraidi inayopakwa kwenye meno ya watoto, ila kwa sharti moja ambalo wengi wanaoisifu dawa hii hulipita haraka. Nguvu ya floraidi iko katika kurudiwa. Kabla ya kuuliza dawa gani inunuliwe, tuulize nani atarudi kwa mtoto yule yule baada ya miezi sita.

Wilaya hizi za mkoa wa Kagera zilikuwa moja hadi 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe. Sensa ya mwaka huohuo ilikuta kila moja ina watu zaidi ya laki tatu, wengi wao wakulima wa migomba na kahawa, waliotawanyika kwenye vilima hadi kwenye kingo za Mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Uganda. Lami ya kutoka Kyaka hadi Bugene imerahisisha safari za Kayanga na Omurushaka, lakini mtu wa vijiji vya ndani bado hupima nauli kabla ya kupima ugonjwa. Na fedha ya haraka, nje ya msimu wa kahawa, ina gharama yake. Wapo wanaoipata kwa butura, yaani kuuza kahawa ingali changa mtini kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo miaka nenda rudi, nayo haifi kwa sababu dharura za nyumbani haziishi. Jino lililovimbisha shavu la mtoto usiku ni mojawapo ya dharura hizo, tena ni ya aina inayozuilika.

Si haki kusema hakuna kilichofanyika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Uingereza la Bridge2Aid, lililoanzia kazi Mwanza, limewafundisha matabibu wa vijijini kung'oa meno kwa usalama, ili mgonjwa asilazimike kusafiri hadi hospitali kubwa au kujikabidhi kwa mtu mwenye koleo la fundi baiskeli. Kazi hiyo ilikuwa sahihi na bado inahitajika. Kagera ndiyo iliyogundua wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na watu wake hawahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini kifaa kinachoingia kwenye damu lazima kitakaswe. Mafunzo hayo yalithibitisha pia jambo ambalo nitalirudia huko mbele: mhudumu asiye daktari wa meno, akifundishwa vizuri na kusimamiwa, anaweza kufanya kazi ya kinywani kwa ustadi. Lakini kung'oa kuna hesabu yake, nayo haifungi. Kila jino moja linadai ganzi, vifaa vilivyotakaswa na muda wa tabibu ambaye nje ya mlango wake kuna foleni ya malaria na wajawazito. Huku meno mapya yanaota kila siku katika vinywa vya watoto wa wilaya mbili, na sukari inayoyaharibu inafika hadi kwenye kibanda cha mwisho cha kijiji.

Ili kuelewa floraidi inafanya nini, tuanze na jinsi jino linavyooza. Wengi husema mdudu ndiye anayelitoboa. Wamekaribia ukweli, maana wapo viumbe hai wanaohusika, ingawa hawaonekani kwa macho na hawatafuni kitu. Ni bakteria wanaoishi kwenye utando laini unaoganda juu ya meno. Wakipata sukari huigeuza asidi, na asidi hiyo ikizidi kiwango fulani, ambacho wataalamu hukitaja kuwa pH ya 5.5, madini ya tabaka gumu la nje la jino huanza kuyeyuka. Baada ya muda mate huizimua asidi na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea. Jino basi linapoteza na kupata kila siku, na tundu hutokea pale kupoteza kunapozidi kupata kwa miezi au miaka. Mtoto anayekunywa soda au kumung'unya pipi mara moja hulipa jino lake nafasi ya kupumua. Anayelamba pipi moja asubuhi, nyingine saa nne na nyingine akitoka shule, huliacha jino ndani ya asidi karibu kutwa nzima, hata kama jumla ya sukari aliyokula ni ndogo. Floraidi huingia katikati ya mvutano huo. Ikiwapo kwenye mate na kwenye utando, hata kwa kiasi kidogo sana, huharakisha madini kurudi, na tabaka linalojengeka upya huwa gumu zaidi kuyeyushwa na asidi.

Uelewa huu haukupatikana kwa siku moja. Katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, H. Trendley Dean wa Marekani alionyesha kwamba watoto wa miji yenye floraidi ya asili ya karibu miligramu 1 kwa lita ya maji walikuwa na matundu machache kuliko wa miji isiyokuwa nayo, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza kuiongeza kwa makusudi kwenye maji ya bomba. Wakati huo iliaminika kwamba floraidi lazima imezwe ili ijengwe ndani ya jino kabla halijaota. Kufikia miaka ya 1980 watafiti, wakiwamo wa Denmark, walikuwa wamekusanya ushahidi kwamba sehemu kubwa ya kinga hutokea juu ya jino lililokwisha kuota, pale floraidi inapoligusa. Mabadiliko hayo yana uzito mkubwa kwa mahali kama Kyerwa. Kwanza, kinga haihitaji mtandao wa mabomba, ambao kwa familia zinazochota maji kwenye chemchemi na visima haupo. Pili, haihitaji mtoto ameze chochote. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, kinga inayotokana na kugusa hudumu kadiri mguso unavyorudiwa. Akiba ya floraidi inayobaki juu ya jino baada ya kupakwa huisha taratibu katika majuma na miezi, na ikiisha jino linabaki na mate na bahati yake.

Aina ya dawa inayofaa zaidi kwa mazingira haya ni vanishi ya floraidi, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1964. Ni utomvu mzito, mara nyingi wa rangi ya manjano, wenye floraidi sehemu 22,600 kwa milioni, wakati dawa ya mswaki ya kawaida ina kati ya 1,000 na 1,500. Kazi yenyewe ni nyepesi kuitazama. Mtoto mdogo analazwa chali, kichwa juu ya magoti ya mhudumu na miguu kwa mama yake. Mhudumu ananyanyua mdomo wa juu, anafuta meno kwa pamba, kisha kwa kiburashi kidogo anapaka tabaka jembamba kwenye kila jino, akiyakazania magego na mstari unaokutana na fizi. Vanishi hugandamana ikikutana na mate, kwa hiyo mtoto akilia haiharibu kazi, na kulia kunamfungua mdomo. Dakika chache zinatosha. Hakuna sindano, damu, umeme wala kiti maalumu. Mama anaambiwa mtoto asile vitu vigumu kwa saa chache na asipigwe mswaki hadi kesho yake. Kwa meno ya utoto hutumika robo ya mililita, hivyo tyubu ya mililita 10 inatosha watoto 40.

Inafanya kazi kwa kiasi gani? Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2013, uliounganisha majaribio 22 yenye watoto zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba vanishi ilipunguza uozo kwa wastani wa asilimia 37 katika meno ya utoto na asilimia 43 katika meno ya ukubwani. Takwimu hizo ndizo zinazonukuliwa kila mahali, na kama zingekuwa peke yake makala haya yangekuwa mafupi. Ziko nyingine zisizofurahisha. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliowatazama watoto wa umri wa kabla ya shule peke yao ulikuta faida ndogo zaidi: hatari ya mtoto kupata tundu jipya ilipungua kwa karibu asilimia 12 tu. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la Uskoti, ambako watoto wa chekechea walipakwa vanishi kila miezi sita kwa miaka miwili. Asilimia 26.9 ya waliopakwa walipata uozo mpya, dhidi ya asilimia 31.6 ya wasiopakwa, na tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kuondoa uwezekano kwamba ni bahati tu. Mtu anayetaka halmashauri ya Karagwe itumie fedha kwenye vanishi hawezi kuuficha ushahidi huo chini ya mkeka.

Ninavyousoma, unaeleza wapi vanishi ina kazi na wapi haina. Watoto wa Uskoti wa jaribio lile, wa kundi lililopakwa na la wasiopakwa, walikuwa ndani ya mpango wa taifa unaowapigisha mswaki kila siku chekechea kwa dawa yenye floraidi na kuwapa miswaki na dawa ya kupeleka nyumbani. Meno yao yalikuwa tayari yanaguswa na floraidi mara mbili kwa siku, na tabaka la ziada kila baada ya miezi sita halikuwa na pengo kubwa la kuziba. Katika nyumba ambayo mtoto wa miaka mitatu hapigwi mswaki, au anatumia mti usio na floraidi, au dawa ya mswaki hununuliwa kahawa ikishauzwa na kuisha kabla ya msimu mwingine, pengo ni pana. Siwezi kudai kwamba asilimia 37 itajirudia Nkwenda ya Kyerwa kama ilivyoandikwa. Ninachodai ni kwamba faida ya vanishi huongezeka kadiri floraidi ya kila siku inavyokosekana, na kwamba sijaona ushahidi imara wa faida ya kudumu kwa mtoto aliyepakwa mara moja akasahauliwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kambi za matibabu. Wageni hufika na masanduku ya dawa, watoto mia kadhaa hupangwa mstari, hupakwa, hupigwa picha, na mwaka unaofuata msafara unaenda wilaya nyingine. Nia ni njema na kwa mwenye maumivu kambi ni neema ya kweli, kwa kuwa jino baya lililong'olewa halirudi. Kwa kinga mambo ni kinyume. Vanishi ya mara moja ni palizi ya mara moja kwenye shamba la migomba. Majaribio niliyoyataja, yaliyofaulu sana na yaliyofaulu kidogo, kwa sehemu kubwa yalirudia kupaka angalau mara mbili kwa mwaka, na mfadhili anayetaka kusaidia kinga angefanya vyema zaidi kuhakikisha dawa haikosekani stoo ya wilaya kuliko kuleta watu wa kuipaka.

Tanzania, kwa bahati nzuri, tayari ina ratiba ya miezi sita inayofika hadi kitongoji cha mwisho. Kila Juni na Desemba, katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, watoto wa chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A na dawa za minyoo, huku wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakiwatafuta nyumba kwa nyumba wasiofika. Muda kati ya matone na matone ni ule ule unaotakiwa kati ya vanishi na vanishi. Mama ameshafika, mtoto ameshabebwa, kadi imeshafunguliwa. Kando ya hapo kuna chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa na marudio ya miezi kumi na minane, nyakati ambazo meno ya mbele yameshaanza kuonekana na ambazo muuguzi anaweza kufanya jambo dogo lenye maana kubwa: kunyanyua mdomo wa mtoto na kutazama. Doa jeupe lisilong'aa karibu na fizi ni uozo katika hatua ambayo bado inarudishika. Atakapoangalia atakuta pia makovu ya wale waliokatwa fizi kwa imani ya meno ya plastiki, yaani kwamba meno machanga yaliyo ndani ya fizi ndiyo yanayomletea mtoto homa na kuhara, desturi iliyoumiza watoto wengi wachanga nchini tangu miaka ya 1980 na iliyo na ndugu yake ng'ambo ya mpaka, Uganda magharibi, na huo nao ni mwanzo wa mazungumzo ambayo leo hayafanyiki kwa sababu hakuna anayetazama kinywani.

Pingamizi la kwanza ambalo mhudumu atakutana nalo litatoka kwa mtu aliyewahi kuishi Arusha. Atasema floraidi ndiyo inayoharibu meno, na atatoa mfano wa watu wa Maji ya Chai na vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, wenye meno ya kahawia yaliyochimbika. Mfano huo ni wa kweli na haufai kudharauliwa. Maji ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi mara kadhaa ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kukubali hadi miligramu 4 kwa kukosa maji mengine. Hata kipimo kinachotumiwa duniani kote kupanga ukali wa madoa hayo, cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978, kilitokana na uchunguzi wa meno ya watoto wa Tanzania. Nchi hii imelipa gharama ya kuifahamu floraidi kwa upande wake mbaya. Lakini madoa yale hutokea mtoto anapoimeza floraidi nyingi kila siku katika miaka ambayo meno ya ukubwani yanaumbwa ndani ya taya, hasa miaka ya mwanzo. Kagera haimo miongoni mwa mikoa inayojulikana kwa maji ya namna hiyo, ingawa ni busara kila kisima kipya kipimwe. Robo ya mililita ya vanishi ina floraidi miligramu 5.65. Mtoto wa kilo 12 akiimeza yote papo hapo, jambo lisilotokea kwa kuwa imeganda kwenye meno, atakuwa amepata chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi cha miligramu 5 kwa kilo kinachohesabiwa kuwa cha hatari. Kisha hapati nyingine hadi miezi sita ipite. Tahadhari za kweli ni nyingine, na mhudumu azijue: asimpake mtoto mwenye vidonda kinywani, wala aliyewahi kulazwa kwa pumu kali au mwenye mzio wa utomvu unaotumika kutengeneza vanishi.

Hofu nyingine inasambaa kwa simu. Mwaka 2024 taasisi ya serikali ya Marekani inayopima sumu ilitoa ripoti iliyohusisha maji yenye floraidi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita na kipimo cha chini cha akili (IQ) kwa watoto, na mwaka 2025 jimbo la Utah likapiga marufuku kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba. Anayepokea habari hizo bila maelezo ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba ubishi wote ule unahusu floraidi inayonywewa kila siku, maisha yote, na hauhusu inayopakwa juu ya jino. Mtu anayepinga floraidi ya kumeza ana sababu zaidi, wala si chache, za kuunga mkono ile isiyomezwa.

Liko pingamizi la wazazi ambalo wataalamu hulipuuza: meno ya utoto yatang'oka tu, ya nini kuhangaika nayo? Ya mbele ndiyo, yanaanza kutoka mtoto akiwa na miaka sita. Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12, na ndiyo yanayotafuna ndizi na maharage kwa miaka yote hiyo. Yakioza, mtoto hula upande mmoja, halali vizuri na hujifunza kuogopa chakula. Huko Ufilipino watafiti wamekuta uhusiano kati ya meno yaliyooza hadi kutunga usaha na uzito mdogo wa watoto wa shule. Katika mkoa ambao shamba halikosi mkungu na bado udumavu wa watoto unasumbua, kinywa kinachoshindwa kutafuna si jambo la pembeni.

Pingamizi zito kuliko yote ni la sukari. Atasema mtu, na atakuwa sahihi, kwamba tunapaka dawa juu ya tatizo ambalo chanzo chake kinauzwa dukani. Chakula cha asili cha Karagwe, ndizi za kupika na maharage, hakina kosa na meno. Yaliyokuja na fedha taslimu ni chai iliyokolezwa sukari mara tatu kwa siku, soda, biskuti na pipi za kurudishiwa badala ya chenji. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula, na bora iwe nusu ya hapo. Nakubali kila neno. Hata hivyo, vita vya sukari vinapiganwa kwenye kodi, kwenye matangazo, kwenye vibanda vya mlangoni pa shule, na vitachukua miaka ambayo mtoto aliye darasa la awali leo hana. Ushahidi unaonyesha pia kwamba floraidi hupunguza uozo hata sukari inapoendelea kuliwa, ingawa haiufuti. Mkuu wa shule anaweza kuondoa pipi kwenye eneo la shule yake wiki hii bila kusubiri waraka, na vanishi haimzuii.

Kwa mtoto ambaye tundu limeshatokea, vanishi imechelewa, lakini koleo si jibu pekee. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu bidhaa za kinywa, zikiwamo dawa ya mswaki yenye floraidi, saruji ya ayonoma ya kioo ya kuzibia meno, na silva daiamini floraidi. Hii ya mwisho ni maji yenye madini ya fedha na floraidi. Tone moja likipakwa kwenye tundu lisilofika kwenye neva huua bakteria na kuugandisha uozo mara nyingi, bila kuchimba. Kasoro yake inaonekana: sehemu iliyooza hubaki nyeusi ti kama mkaa, na mzazi lazima aelezwe na akubali kabla, hasa kwa meno ya mbele. Kuhusu kuziba bila mashine, Tanzania haina haja ya kuiga mtu. Mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji, inayotumika sasa duniani kote, ilianzia hapa katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya meno ya Dar es Salaam, kwa kazi ya Jo Frencken na wenzake. Inasikitisha kwamba mbinu iliyozaliwa kwa ajili ya kijiji kisicho na umeme imekuwa vigumu kuikuta katika vijiji vya nchi iliyoizaa.

Swali la nani atafanya lina jibu rahisi kuliko la nani atalipa. Wauguzi wa kliniki ya mtoto wanaweza kupaka vanishi baada ya mafunzo mafupi. Kazi ya mtaalamu wa meno wa wilaya iwe kufundisha, kukagua na kupokea wagonjwa waliopewa rufaa. Mzigo utaongezeka, na anayesema dakika chache si kitu hajawahi kusimama kwenye kliniki ya Jumatatu yenye kina mama mia. Ndiyo maana napendelea kuanza na miezi ya Juni na Desemba, wakati nguvu kazi imeshaongezwa, kuliko kuirundika vanishi kwenye kila siku ya kliniki. Kuhusu fedha, dawa isipoingizwa kwenye mpango wa afya wa halmashauri na kuagizwa Bohari ya Dawa kama dawa nyingine, itabaki zawadi, na zawadi haina ratiba.

Shule ina nafasi tofauti. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na umri wa miaka sita, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulitangulia, na wazazi wengi hulidhani ni la utoto. Ndilo linalooza zaidi. Linatokea mtoto akiwa darasa la awali au la kwanza, yaani serikali ikiwa imeshamkusanya mahali pamoja. Ufilipino ilitumia nafasi hiyo vizuri: katika mpango wa shule ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000, watoto hunawa mikono na kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi kila siku kwa pamoja, na hupewa dawa za minyoo mara mbili kwa mwaka, wakisimamiwa na walimu. Dawa ya mswaki ni floraidi ya bei nafuu, na majaribio mengi yanaonyesha hupunguza uozo kwa karibu robo. Kinachotakiwa ni kusoma pakiti kabla ya kununua, maana si kila dawa ya mswaki inayouzwa sokoni ina floraidi ya kutosha, na kumpimia mtoto: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka mitatu, cha njegere baada ya hapo, ateme bila kusukutua kwa maji mengi. Tanki la maji na kikombe kimoja kwa kila mtoto vitakuwa kikwazo kikubwa kuliko dawa yenyewe katika shule nyingi za huko juu vilimani.

Kuanza kote kwa mpigo si lazima, wala si busara. Kwa kuwa wilaya hizi ni ndugu wa ardhi moja, chakula kimoja na historia moja, zinatoa nafasi ambayo sehemu nyingi hazina. Kata chache za kila upande, zilizochaguliwa kwa kura, zianze Juni. Nyingine zingoje mwaka mmoja au miwili, huku watoto wa darasa la awali wa kata zote wakikaguliwa mwanzoni na mwishoni na mtu asiyejua nani alipakwa. Kwenye daftari la kliniki iongezwe safu moja ya tarehe za vanishi, ili ijulikane ni watoto wangapi walipakwa mara nne na wangapi mara moja tu. Daftari hilo likionyesha kwamba watoto wengi hawakurudiwa, halmashauri itajua kabla ya kulaumu dawa kwamba haikujaribiwa. Likionyesha kwamba walirudiwa na bado meno yao hayana tofauti na ya wenzao, fedha zihamishiwe kwenye miswaki na dawa ya mswaki ya shuleni, bila kuona haya.